Sehemu ya Nne Iko kwa Mpima

Jumamosi, Machi 7

Mvua ya kwanza imetukuta kwa Mfamasia, katika chumba cha nyuma ya duka lake, kati ya makatoni ya dawa za kikohozi. Tulikuwa wanne kama kawaida: mwenye duka, Gundi ambaye ni fundi wa majalada, Mpima ambaye kazi yake ni kupima ardhi, na mimi.

Naandika utaratibu wetu hapa kwa sababu jana nilijaribu kumweleza mhariri wangu, akaniona nimechanganyikiwa. Riwaya tunazozipenda hazichapishwi tena. Ikipatikana nakala moja, Gundi anafungua mshono, anaigawa sehemu nne na kuivika kila sehemu karatasi ngumu. Tunapiga kura ya zamu. Wa kwanza anaanza na sehemu ya kwanza. Baada ya wiki mbili anampa wa pili, naye anachukua sehemu inayofuata, na hivyo hivyo mpaka kitabu kiishe. Wasomaji wanne wanafuatana kama mabehewa. Sheria ni moja tu: aliye mbele hasemi kilicho mbele.

Safari hii Mpima alipata zamu ya kwanza, mimi ya pili. Kwa hiyo kila sehemu naipokea mkononi mwake. Leo amenipa ya tatu, mwenyewe akabaki na ya nne.

"Ya tatu inaishaje?" Mfamasia akamuuliza. Huwa hakosi kujaribu.

"Vibaya."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote asiye na ya nne."

Jumatatu anakwenda kupima barabara mpya, ng'ambo ya mto. Kazi ya wiki mbili. Aliichomeka sehemu yake kati ya ramani, ndani ya mfuko wa turubai. Gundi akamwonyesha kidole: "Kitabu changu kisilowe."

"Nitalowa mimi kwanza, mama."

Tulitoka pamoja hadi kwenye kona. Hatukuongea cha maana. Aliniuliza kama paa la nyumba yangu linavuja, nikamwambia linavuja jikoni.

Jumanne, Machi 10

Mvua. Ukurasa wangu wa gazetini umefungwa mapema.

Alhamisi, Machi 12

Niliripoti mahakama kwa miaka mingi, ndiyo maana ofisini wananiita Hakimu. Mwaka juzi mhariri akanihamishia ukurasa wa vitabu wa gazeti la Jumapili. "Upumzike," alisema. Hajawahi kukutana na mshairi.

Kazi ya ukurasa ni kuwapa waandishi na wapenda vitabu habari zinazowafaa: shindano gani limefunguliwa, nani anapokea miswada, wapi kuna warsha, duka gani limeleta vitabu vya mitumba. Wiki hii kuna shindano la mashairi ya usalama barabarani. Anayevunja vina anatolewa nje. Kuna maktaba inayogawa vitabu vilivyoliwa na mchwa kidogo, na neno "kidogo" ni lao, si langu. Kuna mwandishi aliyeniletea uhakiki wa kitabu chake mwenyewe, umeandikwa kwa jina la mkewe. Nilimpigia mkewe simu. Akasema kitabu hajakisoma, ila kinafaa.

Kona inayosomwa zaidi ni ile inayoitwa "Natafuta". Watu wanaulizia vitabu walivyovipoteza. Leo: "Natafuta kitabu nilichosoma darasa la sita. Jalada la kijani. Kuna mbuzi. Mengine sikumbuki." Nimelichapa tangazo kama lilivyo.

Jumatano, Machi 18

Nimemaliza sehemu ya tatu. Ndugu wawili wamerithi nyumba moja, wakagombana, wakajenga ukuta katikati, kuanzia sebuleni hadi uani. Dada yao aliachwa chumba kisicho na mlango upande wowote. Anaingia kwa dirisha. Ukurasa wa mwisho wa sehemu hii amesimama mbele ya ukuta, nyundo mkononi. Basi. Gundi alipasua hapohapo. Anasema mshono ndio uliomwamulia.

Jumamosi, Machi 21

Mpima hakuja. Ametuma ujumbe: mto umebeba daraja la muda, kazi imesimama, kampuni imewaambia wabaki kambini mpaka maji yapungue. Simu inashika akipanda kilima tu.

Nilimkabidhi Mfamasia sehemu ya tatu. Yeye akampa Gundi ya pili. Mimi sikupewa kitu. Nilikaa na mikono mapajani kama mtu aliyekwenda kwa daktari akakosa namba.

"Hakimu leo hana kesi," Mfamasia akasema.

Nikacheka. Mvua ilikuwa kubwa, nikarudi nyumbani kwa miguu hata hivyo.

Jumatatu, Machi 23

Wamejitokeza watu watatu kujibu kuhusu kitabu cha mbuzi. Kila mmoja ana uhakika. Vitabu vitatu tofauti.

Ijumaa, Machi 27

Habari kubwa kwa ukurasa. Umefunguliwa mfuko wa kuchapisha upya vitabu vilivyotoweka. Mchapishaji yeyote anaweza kuomba, ila awe na kibali cha warithi wa mwandishi na nakala kamili, kurasa zote. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe thelathini Aprili. Niliandika habari hiyo kwa aya nne zilizonyooka, nikaipeleka.

Mchana simu ikaita. Mchapishaji mmoja mwanamke, kampuni yake ni vyumba viwili juu ya duka la matairi. Namfahamu kwa kuwa hajawahi kunidanganya tarehe ya kutoka kwa kitabu. Anaitaka riwaya ya ule ukuta. Warithi walishamkubalia tangu mwaka jana. Kinachokosekana ni kitabu chenyewe. Ametafuta katika maktaba zote.

"Nasikia kikundi chenu mnayo."

"Tunayo."

"Kamili?"

Nikamwambia robo tatu iko hapa, robo iko ng'ambo ya mto.

Alhamisi, Aprili 2

Mchapishaji amekuja kwa Gundi kukiona kitabu. Gundi akampangia sehemu mbili mezani, ya tatu akaileta Mfamasia kwa heshima, ikiwa kwenye mfuko wa dawa.

"Mungu wangu! Mmekichinja!"

"Nimekipasua," Gundi akasema bila kuinua macho. "Daktari anapasua. Anayechinja ni mwenye bucha."

Mchapishaji alifungua, akainusa karatasi, akapima ukingo kwa kidole. Halafu akakiri kwamba yeye mwenyewe angekipasua, kwa sababu mashine ya kupiga picha kurasa inataka karatasi zilale bapa. Wakaanza kuzungumzia nyuzi na gundi ya wanga. Nikaona wamenisahau, nikaondoka.

Sikuwa nimempenda Gundi miaka hii yote. Nilidhani ukali ule ni tabia tu. Leo nimemwona anavyoweka kiganja juu ya kitabu kabla mgeni hajakigusa, kama mtu anayemshika mtoto kichwa barabarani.

Jumamosi, Aprili 4

Tumekutana watatu. Gundi amepokea sehemu ya tatu. Sasa mimi na Mfamasia wote hatuna cha kusoma. Yeye anasema ameanza kusoma maelezo ndani ya maboksi ya dawa, na kwamba kwa ujumla wahusika wanapata kizunguzungu.

Wamenipa kazi: nimwandikie Mpima. Mimi ndiye mwenye maneno, wanasema.

Nilirudi nyumbani, nikaandika ujumbe mara tatu. Wa mwisho ulikuwa hivi: "Riwaya inaweza kuchapishwa upya. Mchapishaji anahitaji sehemu ya nne kabla ya tarehe thelathini. Ilete." Nikasoma tena kama ninavyosoma kazi za wengine. Mhariri yeyote angeniuliza kwa nini si "itume". Nikauacha ulivyo.

Jumatatu, Aprili 6

Mvua. Ujumbe haujafika kwake.

Jumanne, Aprili 7

Haujafika.

Alhamisi, Aprili 9

Haujafika. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu ameleta mswada wa riwaya kwenye gunia la mchele. Umeandikwa kwa mkono, pande zote mbili. Nikamwuliza unahusu nini. Akafikiri, akasema, "Mambo mengi." Nimempa anwani za wachapishaji wawili wenye vyumba vikubwa.

Jumapili, Aprili 12

Ujumbe umefika jana jioni. Jibu: "Nitaileta maji yakishuka. Jikoni kunaendeleaje?"

Nimemjibu kwamba nimeweka sufuria.

Alhamisi, Aprili 16

Mfamasia, ambaye kila siku ana dawa mpya, alimshauri Mpima azipige kurasa picha kwa simu. Zimefika mbili. Ya kwanza ni giza na kidole gumba. Ya pili inasomeka mistari sita, na Mfamasia aliifuta mbele yangu kabla hajaisoma. Sikutegemea hilo kwake, mtu anayepekua mwisho wa kila kitu. "Zamu ni zamu," alisema. "Wewe uko mbele yangu."

Mchapishaji amezikataa picha. Wino wa kitabu umefifia. Anataka karatasi yenyewe.

Jumamosi, Aprili 18

Leo ndiyo siku niliyoulizwa swali waziwazi, na aliyeniuliza ni dada yangu.

Tunaishi pamoja tangu astaafu uuguzi. Asubuhi alinikuta dirishani naangalia barabara. Si kwamba kulikuwa na kitu. Maji yalikuwa yanapita na kandambili ya mtu juu yake.

"Mdogo wangu," akasema, "unasubiri kitabu au mwenye kitabu?"

"Kitabu."

"Mm." Akaendelea kukunja shuka. "Maana kitabu kingekuwa kimetumwa zamani."

"Barabara imekatika, dada."

"Mbona nyanya zinafika?"

Nimewasikiliza mawakili maisha yangu yote. Ninalijua swali lililolengwa vizuri likipita.

Akaketi kitandani. Akaniambia kwamba wodini alikuwa akiwatambua watu wa namna yangu. Walikuja kumwona mgonjwa, wakauliza hali ya chakula, hali ya godoro, hali ya dirisha, wakaondoka. Hawakuuliza walichojia. "Tulikuwa tunawaita wakaguzi," alisema.

"Na mimi ni mkaguzi?"

"Wewe ni mkaguzi mkuu. Chai iko mezani."

Naandika sasa mambo yalivyo, kwa kuwa hii ndiyo kazi ninayoiweza. Nina miaka hamsini na sita. Mume wangu alifariki nikiwa na thelathini na tisa. Mpima mkewe alimwacha zamani, kwa amani, akaolewa na mtu anayekaa nyumbani. Tumesoma vitabu kumi na moja katika kikundi hiki. Hajawahi kuniambia neno ambalo lisingeweza kuchapwa ukurasa wa kwanza, nami vilevile. Ila katika kila mwezi nimekuwa naishi Jumamosi mbili, na siku zilizo katikati nazisukuma tu. Anapokupa kitu hukishika kwa mikono miwili, na hakiachii mpaka ahakikishe umekishika. Inachukua muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Ndicho ninachokikosa. Nimekiandika, na nikikisoma naona ni kitu kidogo, lakini hakipungui.

Na kuna hili. Sehemu ya nne ikiwa kwake, lazima arudi. Ikirudi peke yake, hakuna kinachomlazimu.

Jumapili, Aprili 19

Mvua usiku na mchana. Sufuria imejaa mara mbili.

Jumanne, Aprili 21

Amepiga simu. Nilikuwa mezani ofisini, mvua inapiga bati la paa hadi mhariri anaongea kwa ishara. Nikaingia stoo ya magazeti ya zamani, nikafunga mlango.

"Hakimu."

"Nakusikia."

"Nimepanda kilima. Nimelowa mpaka soksi. Kitabu hakijalowa, mwambie Gundi."

"Nitamwambia. Umekimaliza?"

"Mara tatu."

"Usiseme kitu."

"Sisemi." Akacheka. Upepo ulikuwa unapita kwenye simu yake. "Sikiliza. Maji hayajashuka. Barabara huenda ikafunguliwa wiki ijayo, huenda ikawa baada ya hapo, hakuna anayejua. Ikifunguliwa nitakuja nayo mwenyewe. Lakini kuna lori la dawa za hospitali, linazungukia njia ya juu, linapita hapa kesho. Nikimpa dereva, mtakuwa nayo kabla ya wiki kwisha. Toa hukumu. Nitume au nilete?"

"Mwisho ni tarehe thelathini."

"Tarehe nimeisikia. Nakuuliza wewe."

Kwenye rafu mbele yangu kulikuwa na magazeti ya mwaka niliyoanza kazi, yamefungwa kamba. Nilikumbuka mchapishaji alivyoinusa ile karatasi. Nilifikiri kwamba zikipita siku tisa kitabu kile kitabaki nakala moja duniani, vipande vinne, mikononi mwa watu wanne ambao si vijana. Nilifikiri mambo hayo yote na yalikuwa ya kweli. Halafu nikafikiri jambo jingine, na sikulisema.

"Tuma," nikasema.

Upepo tena. Nilidhani simu imekatika.

"Sawa," akasema. "Nitaifunga vizuri."

Nilirudi mezani. Mhariri akaniuliza kwa ishara kama kuna habari. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba hakuna.

Ijumaa, Aprili 24

Imefika. Dereva wa lori ameiacha kwa Mfamasia, imefungwa ndani ya ramani ya zamani, kisha plastiki, kisha utepe wa rangi ya machungwa ule wa kufungia vijiti vya mipaka. Nilipapasa kila kunjo la ramani. Hakukuwa na neno lolote, na kwa nini liwepo? Aliulizwa kitabu, ametuma kitabu.

Kwa zamu ni yangu. Mchapishaji anaihitaji Jumatatu. Gundi alisema, "Chukua. Sisi tutaisoma ikichapishwa." Mfamasia akaangalia dari kwa uchungu, lakini hakupinga.

Jumamosi, Aprili 25

Nimeisoma mchana wote, mlango wazi, mvua nje. Sitaandika hapa inavyoisha. Gundi hajaisoma, na daftari huwa halitabiriki linakofika. Nasema tu kwamba nilipomaliza niliiweka mezani, nikaenda kumsaidia dada kukamua nguo.

Jumatatu, Aprili 27

Nimeikabidhi.

Alhamisi, Aprili 30

Maombi yameingia. Mchapishaji alinipigia kutoka kwenye ngazi za ofisi ya mfuko, anahema. Nikaandika aya moja kwa ajili ya ukurasa: waliowasilisha, idadi ya vitabu, matokeo lini. Vina vya usalama barabarani vimepata mshindi, dereva wa gari la maji taka. Shairi lake si baya hata kidogo.

Jumamosi, Mei 2

Kikundi hakina kitabu, tumekutana kwa mazoea. Mfamasia alileta karanga.

Nilimshukuru kwa kupokea mzigo wa lori. Nikasema ilikuwa bahati kwamba lile lori lilipatikana.

"Bahati gani?" akasema. "Lori la dawa linakwenda kila Jumatano. Mimi ndiye ninayelipakia. Dawa za presha za Mpima zinapita humo humo tangu alipoondoka."

"Tangu Machi?"

"Tangu Machi. Nilimwambia wiki ile ya kwanza ulipokosa cha kusoma, bwana, mpe dereva hiyo sehemu, Hakimu anahangaika huku. Akasema hapana, ataileta mwenyewe. Wiki ya pili nikamwambia tena. Ataileta mwenyewe. Nikajua ana sababu zake." Akamenya karanga. "Mtu mzima hashurutishwi. Mimi nilidhani unajua."

Gundi alikuwa anamtazama Mfamasia kwa namna ambayo ingemnyamazisha mtu mwingine.

"Kwani nimesema nini?" Mfamasia akauliza.

"Umesema vizuri," Gundi akasema. "Umechelewa tu."

Nimeripoti kesi ambapo shahidi mmoja, mwishoni, anasema jambo dogo, na yote yaliyotangulia yanageuka yakatazama upande mwingine. Unaona karani anaacha kuandika. Leo karani alikuwa mimi.

Alikuwa na njia ya kutuma wiki sita. Hakutuma. Aliniuliza nitume au nilete, na akaongeza, nakuuliza wewe.

Jumapili, Mei 3

Sikuandika kitu. Mvua ilipungua mchana.

Jumatano, Mei 6

Nimempigia. Simu haishiki.

Ijumaa, Mei 8

Nimempigia. Haishiki. Jioni umefika ujumbe kwa kikundi chote: kazi imeanza tena, amekubali kubaki kwa awamu ya pili, mpaka mwisho wa mwaka. "Endeleeni kusoma. Zamu yangu mpeni mwingine."

Dada aliusoma juu ya bega langu. Nilisubiri mzaha wake. Akasema tu, "Umekula?"

Jumanne, Mei 12

Jua, saa nzima.

Jumatano, Mei 13

Matokeo yametoka. Vitabu vitano vimechaguliwa, chetu ni cha pili katika orodha. Mchapishaji alilia kwenye simu, nami nikamsubiri amalize ndipo nikamwuliza tarehe ya kuchapisha, maana ukurasa unafungwa kesho. Nilifurahi. Nataka iandikwe hapa kwamba nilifurahi kwa dhati, kwa sababu siku zinazokuja huenda nikasahau. Watu wataiona ile nyumba na ule ukuta ambao bila sehemu ya nne usingekuwa na maana yoyote. Nilisema tuma, na kitabu kimepona. Hukumu ilikuwa sahihi. Nimewaona watu wengi wakitoka mahakamani na hukumu sahihi, na wengi wao hawakuwa wakitabasamu.

Jumamosi, Mei 16

Gundi amepata riwaya nyingine, kutoka kwenye ile maktaba ya mchwa. Mashimo ni ya pembeni, maandishi yamesalimika. Aliiweka mezani, akashika kisu na rula.

"Vitatu," Mfamasia akasema. "Tumebaki watatu. Kila mtu atapata kipande kinene."

Gundi akaanza kuhesabu mikunjo.

"Vinne," nikasema.

Mfamasia alifungua mdomo. Kisha, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaufunga.

"Cha wa nne kitamfikiaje?" Gundi akauliza. "Kwa lori?"

"Nitakipeleka mimi."

"Kila wiki mbili?"

"Barabara imefunguliwa. Basi linakwenda asubuhi."

Aliinua uso. Miaka yote niliyomdhania vibaya, ulikuwa uso huohuo. "Basi wewe ni wa kwanza," akasema, "na yeye wa pili. Bila kura." Akasogeza rula. Mfamasia akaanza kulalamika kuhusu kura, kuhusu haki, kuhusu katiba ya kikundi ambayo haipo, na alikuwa anacheka huku macho yamemlowa.

Jumatano, Mei 20

Mhariri amenipa ruhusa ya siku mbili. "Unaenda kuripoti nini?"

"Sijui bado."

"Basi usiniletee kitu," akasema. Ni mtu mwema, mhariri wangu. Sikuwa nimeliona.

Ijumaa, Mei 22

Nimemaliza sehemu ya kwanza. Nimeifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Dada ameweka mkate, mwavuli, na blauzi ya buluu ambayo sikuichagua.

"Ninapeleka kitabu tu," nikamwambia.

"Ndiyo. Na mwenye kitabu avae vizuri."

"Akisema alikwisha kutoa zamu yake?"

"Utamwambia kwamba mpaji ni wewe, na hukukubali." Akafunga zipu ya mkoba. "Halafu usimwulize hali ya paa."

Jumamosi, Mei 23

Naandika nikiwa kambini. Daraja jipya ni la chuma, basi lilivuka polepole na abiria wote walinyamaza. Mto umeshuka, ila nyasi za kingo zote zimelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Nilitembea kutoka barabarani. Mahema, mapipa, nguo kwenye kamba, banda la kulia chakula lenye benchi ndefu. Ndani kulikuwa na mpishi peke yake, mwanamke mpana, anakoroga sufuria kwa mwiko mrefu kama kasia.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mpima."

"Wapima wapo wengi."

"Anayesoma."

"Ah. Huyo." Akaendelea kukoroga. "Wako bondeni na vyombo vyao. Watapanda jua likipoa. Kaa hapo."

Nikakaa kwenye benchi, mfuko mapajani. Sina la kuripoti kuhusu hali yangu isipokuwa kwamba mikono ilikuwa baridi na siku ilikuwa ya joto. Katika basi nilipanga maneno. Yamekwisha yote. Yamebaki mawili au matatu, na hayo ni mafupi.

Mpishi akanitupia jicho mara moja, mara ya pili.

"Samahani, mama. Wewe ni nani wake?"

Swali hilo nimelisikia likiulizwa mashahidi wasiohesabika, na wote walijibu haraka: mke, kaka, jirani. Mimi nikachelewa.

"Tunasoma pamoja," nikasema. "Yeye ananifuata. Zamani nilikuwa namfuata mimi."

Mwiko ukasimama. Akaufuta kwenye ukingo wa sufuria, akauweka chini, akafuta mikono kwenye aproni, akanitazama kuanzia kwenye blauzi hadi kwenye viatu vyenye tope, kisha usoni.

"Kumbe ndiye wewe," akasema.

Sikumwuliza alisikia nini. Aliingia ndani, akatoka na kiti chenye mgongo, pengine chake mwenyewe, akaniinua kwenye benchi kwa kunishika kiwiko. Akakiweka kiti mlangoni, akakigeuza kielekee bondeni.

Ndipo nilipo.